Hospitali ya mtaani inapotaka kubadilisha huduma ya majeraha madogo: namna ya kutoa maoni yatakayopimwa

Katika miji mingi midogo ya England kuna hospitali isiyokuwa na idara kubwa ya dharura, lakini yenye kituo cha majeraha madogo. Mtu aliyeteguka kifundo cha mguu, aliyejikata kisu jikoni, aliyeungua mkono kwa mafuta au aliyevunjika kidole huingia pale bila miadi, akahudumiwa na muuguzi aliyebobea katika tiba ya majeraha, akapigwa eksirei ikibidi, akashonwa au kufungwa plasta, na akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Vituo hivi ndivyo ambavyo NHS, yaani huduma ya afya ya umma, huvigusa mara kwa mara inapopanga upya huduma zake: saa hupunguzwa, usiku hufungwa, kituo huhamishiwa mji wa jirani, au hugeuzwa kuwa kituo cha matibabu ya haraka chenye utaratibu tofauti. Kabla ya badiliko la namna hiyo, sheria inawataka wahusika wawashirikishe watu wanaotumia huduma, na badiliko likiwa kubwa ushirikishwaji huo kwa kawaida huchukua sura ya mashauriano rasmi na umma, yenye hati ya mapendekezo, dodoso, mikutano na tarehe ya mwisho.

Mwongozo huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi England, ambao wengi wao hupitwa na mashauriano haya. Wapo wanaodhani kwamba maoni ni haki ya raia peke yao, na wapo wanaoamini kwamba uamuzi umeshapitishwa na kinachofanyika ni kutimiza wajibu tu. Hofu ya kwanza haina msingi: dodoso haliulizi viza ya mtu, na anayetumia huduma au anayeweza kuitumia ana haki ya kusikilizwa. Hata matibabu yenyewe katika kituo cha majeraha madogo hutolewa bure kwa kila mtu, bila kujali hali yake ya uhamiaji, maadamu hajalazwa wodini. Hofu ya pili ina ukweli mara nyingine, na ndiyo sababu inafaa kujua sheria inawabana wapi wenye kuamua.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Mashauriano si kura. Bodi hailazimiki kufuata upande wenye watu wengi, lakini inalazimika kuyapima kwa dhati maoni iliyoyapokea na kuweza kuonyesha kwamba iliyapima. Kwa hiyo dodoso mia tano zilizowekewa alama ya "sikubali" bila neno la ziada zinaweza kuwa na uzito mdogo kuliko barua tano zinazoeleza madhara ambayo hati haikuyaona. Hatua zote zinazofuata zinalenga kukusaidia uandike barua ya aina hiyo na uifikishe panapohusika kwa wakati.

Hatua ya kwanza: fahamu hasa kinachobadilishwa

Usianze na uvumi wa kwamba "wanafunga hospitali". Tafuta hati yenyewe kwenye tovuti ya bodi ya afya ya eneo lako au ya shirika linaloendesha hospitali, au uombe nakala ya karatasi mapokezi, kisha ujibu maswali haya kwa maneno yako mwenyewe. Kituo kitafungwa kabisa au saa zitapunguzwa? Je, mtu ataendelea kuingia tu, au atatakiwa kupiga simu 111, namba ya ushauri ya NHS, kwanza ili apangiwe muda? Huduma ya watoto wadogo itabaki? Eksirei itabaki, na kwa saa zipi?

Swali la eksirei linastahili kuulizwa peke yake. Katika hospitali ndogo chumba cha eksirei mara nyingi hufungwa mapema kuliko kituo chenyewe, na mtu anayefika jioni na mkono uliovimba hufungwa bandeji akaambiwa arudi kesho. Pendekezo linaweza kusema saa za kituo hazitaguswa huku saa za eksirei zikipungua, na kwa mgonjwa huyo tofauti ya hali hiyo na kufungwa kwa kituo ni ndogo.

Fahamu pia kwamba si kila badiliko ni hasara. Viwango vilivyotolewa na NHS England mwaka 2017 vinataka kituo cha matibabu ya haraka kiwe wazi angalau saa 12 kwa siku, siku zote za mwaka, kiongozwe na daktari, na kiwahudumie wagonjwa pamoja na majeruhi. Kituo cha majeraha madogo kilichokuwa kikifungwa wikendi, kikigeuzwa kuwa kituo cha aina hiyo papo hapo kilipo, huwa kimewafaidisha watu wake. Na muuguzi mmoja kuachwa peke yake usiku katika jengo tupu, bila daktari wa kumuuliza pale anapoletewa mtu mwenye maumivu ya kifua badala ya kidonda cha kidole, ni hatari ya kweli kwake na kwa mgonjwa. Anayekiri ukweli huu katika maoni yake husomwa kwa makini zaidi anapofika kwenye pingamizi lake.

Hatua ya pili: jua shughuli imefika wapi na nani anaamua

Kwa kawaida kabla ya mashauriano rasmi hutangulia kipindi cha mazungumzo ya awali, pale wapangaji wanapouliza watu wanahitaji nini kabla ya kuandika mapendekezo. Kipindi hicho ndicho chenye nafasi kubwa zaidi ya kubadilisha mambo, na ndicho ambacho watu wengi hawakisikii. Ukiona tangazo la "tuambie uzoefu wako wa huduma ya dharura", usilipuuze eti halijataja kufunga kitu.

Wahusika wakuu ni watatu. Wa kwanza ni bodi ya afya ya eneo, inayojulikana kwa herufi ICB, ambayo hupanga huduma na kuzilipia. Bodi hizi zilianza kazi tarehe 1 Julai 2022, na kwa kawaida ndizo zinazoitisha mashauriano na kuamua. Wa pili ni shirika la NHS linaloendesha hospitali yenyewe. Wote wawili wanabanwa na Sheria ya NHS ya mwaka 2006 kama ilivyorekebishwa baadaye: kifungu cha 14Z45 kwa bodi na kifungu cha 242 kwa shirika. Wa tatu ni halmashauri yenu, kupitia kamati ya madiwani inayokagua masuala ya afya, ambayo kwa kanuni za mwaka 2013 ni lazima ishauriwe kila linapokusudiwa badiliko kubwa. Sheria haikufafanua "kubwa" ni kiasi gani, kwa hiyo jambo hilo hujadiliwa kati ya NHS na kamati, na mwananchi anaweza kumwandikia diwani wake akiomba kamati ilihesabu badiliko hilo kuwa kubwa. Barua ya namna hiyo ikiandikwa mapema inaweza kuwa na faida kuliko maandamano yaliyokuja baadaye.

Upo mlango mmoja wa kuangaliwa sana, nao ni ufungaji wa muda. Kanuni zinaruhusu uamuzi kuchukuliwa bila kuishauri kamati pale usalama wa wagonjwa au wafanyakazi unapokuwa hatarini na muda hautoshi. Ruhusa hiyo ni ya haki, kwa kuwa hakuna anayetaka kituo kiendeshwe bila wauguzi wa kutosha. Shida huja pale "muda" unaporefushwa miezi kwa miezi, watu wakazoea kwenda kwingine, kisha hesabu za wagonjwa wachache zikatumiwa kuonyesha kwamba huduma haihitajiki. Huduma yenu ikifungwa kwa muda, andika wiki hiyohiyo kuuliza mambo matatu: uamuzi utapitiwa tena tarehe gani, ni sharti gani likitimia kituo kitafunguliwa, na nafasi za kazi zilizo wazi zimetangazwa lini. Hifadhi majibu.

Hatua ya tatu: soma hati kwa kalamu mkononi

Hati ya mashauriano huwa na muhtasari wenye picha na hati ndefu zilizowekwa nyuma yake. Muhtasari umeandikwa ili kushawishi, kwa hiyo yatafute majedwali katika viambatisho: mpango kamili uliotangulia mashauriano, uchambuzi wa safari, na tathmini ya athari kwa usawa. Kama havipo mtandaoni, viombe kwa baruapepe.

Anza na idadi ya wagonjwa. Hati nyingi zitakuambia kwamba wastani wa watu wanaofika usiku ni mdogo. Wastani huo ni wa kipindi gani? Ukichukuliwa kwa mwaka mzima, unaficha jioni za Jumamosi za kiangazi ambapo uwanja wa mpira unaleta wagonjwa mfululizo. Ukichukuliwa baada ya saa za eksirei kupunguzwa, au baada ya miezi ya kituo kufungwa ghafla kwa kukosa wauguzi, basi unapima kukata tamaa kwa watu, si mahitaji yao. Omba idadi kwa kila saa na kwa kila siku ya wiki, kwa miaka kadhaa, ikiwa na umri wa wagonjwa na eneo wanakotoka.

Kisha tazama safari. Uchambuzi wa safari mara nyingi huhesabu dakika za gari katika barabara isiyo na msongamano. Uliza dakika za basi. Uliza basi la Jumapili, na basi la mwisho la usiku, kwa sababu anayeingia hospitalini kwa basi hutakiwa pia kutoka. Wazee wenye kadi ya kusafiri bure wamehakikishiwa na sheria ya England kusafiri bila nauli siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku, na halmashauri haiwajibiki kuongeza zaidi ya hapo, ingawa baadhi huongeza. Mzee aliyeanguka akienda msalani alfajiri, akaamka na kiwiko kilichovimba, ama atalipa nauli ama atasubiri. Jambo kama hili halionekani kwenye ramani yenye miduara ya dakika 20 na dakika 30.

La tatu ni mahali ambapo wagonjwa wanatarajiwa kwenda. Hati ikisema watahudumiwa katika idara ya dharura ya mji wa jirani, tafuta muda wa kusubiri katika idara hiyo, ambao NHS huutangaza kila mwezi, kisha uulize kama idara imeongezewa wauguzi na nafasi kwa ajili ya wagonjwa hao wapya. Ikisema watahudumiwa na maduka ya dawa na vituo vya madaktari wa familia, uliza ni vipi kati ya hivyo vinavyoshona kidonda, kwani vingi havishoni.

Mwisho, angalia chaguo zilizotupwa. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya mwaka 2014 iliyoihusu halmashauri ya Haringey, London, ilisema kwamba haki wakati mwingine hudai watu waelezwe pia njia nyingine zilizofikiriwa na kwa nini zilikataliwa. Hati yenye chaguo moja tu, au yenye chaguo tatu ambazo mbili ni dhahiri hazitekelezeki, iulizwe swali hilo kwa maandishi.

Kesi hiyohiyo ilithibitisha misingi minne iliyotokana na kesi ya Gunning ya mwaka 1985, iliyohusu shule za Brent, London, na ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha mashauriano ya haki: yafanyike wakati mapendekezo bado hayajakomaa kuwa uamuzi, yatoe sababu za kutosha ili mtu aweze kuyapima kwa akili yake, yatoe muda wa kutosha, na matokeo yake yazingatiwe kwa dhati kabla ya kuamua. Iandike misingi hii pembeni ya nakala yako. Unaposoma na kukuta mkataba wa jengo jipya umeshatiwa sahihi, unajua ni msingi upi umeguswa.

Kuhusu muda, hakuna sheria inayotaja idadi maalumu ya wiki. Wiki 12 zilikuwa kawaida kwa miaka mingi, na siku hizi vipindi vifupi zaidi ni vya kawaida pia. Kama kipindi kimeangukia mwezi wa Ramadhani au likizo za shule, omba kiongezwe, na uombe mapema.

Hatua ya nne: dai lugha na taarifa

Andikia timu ya mashauriano ukiomba muhtasari wa Kiswahili, au mkalimani katika mkutano, au ruhusa ya kujibu kwa Kiswahili. Taja Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, kifungu cha 149, kinachozitaka taasisi za umma zizingatie athari za maamuzi yao kwa watu wa makundi yanayolindwa, yakiwemo ya asili, umri, ulemavu, dini, jinsia na ujauzito. Lugha yenyewe haimo katika orodha, lakini inafungamana sana na asili ya mtu, na taasisi zinalijua hilo. Usipopata tafsiri, angalau ombi lako limebaki kwenye kumbukumbu.

Ukiwa utajibu kwa Kiswahili, au utamsimulia mtu akuandikie, hakikisha saa zinaandikwa kwa tarakimu za saa 24. Katika mashauriano ambayo kiini chake ni saa za kufungua, mfasiri asiye makini akiigeuza "saa mbili usiku" kuwa saa mbili baada ya usiku wa manane badala ya 20:00, hoja yako imeharibika na hutajua.

Kwa taarifa ambazo hazikuchapishwa, tumia Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000. Baruapepe yenye jina lako na anwani ya kukujibu inatosha. Huhitaji wakili, huhitaji kutoa sababu, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Siku 20 za kazi ni mwezi mzima, kwa hiyo ombi litumwe katika wiki ya kwanza ya mashauriano.

Hatua ya tano: andika maoni yako

Hapa ndipo kazi ilipo. Dodoso huwa limepangwa kwa maswali ya kuchagua namba, na mengine yameulizwa kwa namna ambayo kila mtu atakubali: "Je, unakubali kwamba wagonjwa wanastahili huduma salama?" Jibu kwa uaminifu, lakini uweke nguvu zako katika nafasi za maandishi. Nafasi ikiwa ndogo, andika barua tofauti uitume kwa anwani ya mashauriano, ukisema mwanzoni kwamba ni jibu rasmi la mashauriano na ukitaja jina lake. Barua na baruapepe kwa kawaida huchambuliwa pamoja na dodoso.

Linganisha maandishi haya mawili. La kwanza: "Tunapinga kufungwa kwa kituo hiki kwa sababu ni muhimu sana kwa jamii yetu." Mchambuzi atalisoma, ataliweka katika fungu la wanaopinga, na hatakuwa na la zaidi. La pili ni la mfano wa mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi wa England wanaifanya:

"Ninafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu yangu huisha saa 08:00. Sina gari. Mtu akiumia mgongo au kifundo cha mkono wakati wa kumgeuza mkazi kitandani, kwa sasa hutembea hadi kituo cha majeraha madogo na kuhudumiwa kabla ya kulala. Pendekezo linataka kituo kifunguliwe saa 12:00. Kwenda idara ya dharura ya mji wa jirani kunahitaji mabasi mawili, na hati yenu, katika ukurasa wa safari, imehesabu gari peke yake. Naomba mnieleze wafanyakazi wa zamu za usiku wamehesabiwa wapi katika tathmini yenu. Kama saa haziwezi kurudishwa, naomba mfikirie kufungua saa 08:00 na kufunga saa 20:00, ili jumla ya saa ibaki ileile."

Barua hii ina mambo manne ambayo bodi haiwezi kuyapita kimya: hali halisi ya mtu, kasoro iliyoonyeshwa ndani ya hati kwa ukurasa wake, swali linalodai jibu, na pendekezo mbadala linalotekelezeka. Pendekezo mbadala ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo lenye uwezo wa kuwasogeza wenye kuamua, kwa sababu linawapa njia ya kubadilisha mpango bila kuutupa wote. Huhitaji kuwa mtaalamu. Aliyepanga ratiba ya kuwapeleka watoto shule huku mwenzake yuko zamu ya usiku anajua kupanga saa vizuri kuliko wengi.

Wazazi waandike kuhusu watoto kwa undani uleule. Mtoto hupasuka kidevu jioni, baada ya shule, akiwa bustanini au kwenye trampolini. Mama mwenye mtoto aliyeumia na wengine wawili nyumbani huwachukua wote watatu kwenye basi, kwa kuwa hapa hakuna bibi wala shangazi wa kumwachia. Hali hiyo ya kuishi mbali na ukoo ni ya kwetu zaidi kuliko ya wenyeji, na kama hatukuisema sisi, hakuna atakayeiandika katika tathmini ya usawa.

Ikiwa pendekezo linataka watu wapige 111 kabla ya kuja, eleza jinsi simu hiyo inavyokuwa kwa mtu asiyemudu Kiingereza. Ukalimani wa 111 upo, na mpigaji akitaja lugha yake hutafutiwa mkalimani. Lakini maswali mengi yanayoulizwa kwa haraka, kwa mtu anayevuja damu, ni kizuizi hata mkalimani akiwepo. Omba ahadi ya maandishi kwamba anayefika mlangoni bila kupiga simu hatarudishwa.

Usitaje jina la muuguzi wala la mgonjwa mwingine. Andika sehemu ya kwanza tu ya msimbo wako wa posta, inatosha kuonyesha unakotoka. Na usitumie barua moja iliyonakiliwa na watu hamsini, kwa sababu zikifanana neno kwa neno huhesabiwa kama kampeni moja. Kila mtu aseme la kwake, hata kama ni mistari mitatu.

Hatua ya sita: wafikie wasiofikiwa

Timu za mashauriano hutakiwa kuonyesha kwamba zimewafikia watu wa makundi mbalimbali, na mara nyingi hukubali kwa furaha zikialikwa. Waalike msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani baada ya ibada, au kwenye kikao cha chama cha wanajumuiya. Wapewe nusu saa: dakika kumi za kueleza, dakika ishirini za kuulizwa. Mteue mtu mmoja wa kuandika kila swali na kila jibu pamoja na jina la cheo cha aliyejibu, kisha mtume kumbukumbu hizo kwa timu mkiomba zithibitishwe. Ahadi iliyosemwa mbele ya watu na kuandikwa ina uzito, hata mahakamani. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ilimpa haki Pamela Coughlan, mwanamke mwenye ulemavu kutoka Devon, kwa sababu mamlaka ya afya ilikuwa imemwahidi makao ya maisha yake yote kisha ikataka kuyafunga.

Wazee ambao hawaandiki, wakalie karibu uwasikilize. Shikamoo yako na kikombe cha chai vitapata maelezo ambayo dodoso halitayapata kamwe: nani alimpeleka alipoanguka, alisubiri muda gani, alirudije nyumbani. Andika kwa maneno yake, umsomee, na uongeze kwamba umemwandikia kwa ridhaa yake.

Ombi lenye sahihi nyingi lina faida yake ya kuonyesha ukubwa wa wasiwasi na kuwavutia waandishi wa habari, lakini mara nyingi husajiliwa kama waraka mmoja unaotajwa pamoja na idadi ya sahihi. Kwa hiyo mtu akisaini, mwombe pia ajaze dodoso.

Mwandikie mbunge wako, na ulitumie Healthwatch la eneo lenu nakala ya maoni yako. Mashirika hayo yalianza mwaka 2013 ili kupeleka sauti za wagonjwa, na serikali ilitangaza mwaka 2025 nia ya kuyafuta, kwa hiyo hakikisha kwanza kama la kwenu bado linafanya kazi.

Hatua ya saba: baada ya tarehe ya mwisho

Wengi huishia hapo, na ndipo mambo huamuliwa. Maoni huchambuliwa na ripoti huchapishwa. Itafute ripoti hiyo na uone kama hoja yako imo. Kama haimo, andika kabla ya kikao cha bodi, ukiambatisha barua yako ya awali. Vikao vya bodi vya kuamua mambo haya hufanyika hadharani, nyaraka zake hutangulia kwa siku kadhaa, na bodi nyingi hupokea maswali ya wananchi yaliyotumwa mapema. Soma hasa sehemu inayoeleza hatua za kupunguza madhara, kama vile basi la kuunganisha miji, mafunzo kwa madaktari wa familia au miadi ya jioni. Kila hatua iulizwe: nani atailipia, itaanza lini, na itaanza kabla ya kituo kubadilishwa au baada yake?

Ikiwa mashauriano yalikuwa na kasoro kubwa, tangu tarehe 31 Januari 2024 waziri wa afya ana mamlaka ya kuingilia pendekezo la kubadilisha huduma, na mtu yeyote anaweza kumwandikia akimwomba afanye hivyo. Anatarajia kuona kwamba njia za eneo lenu zimetumika kwanza, kwa hiyo ambatisha barua zako kwa bodi na kwa kamati ya halmashauri.

Njia ya mahakama ipo, nayo ina mlango mwembamba. Maombi ya kuitaka mahakama ipitie uamuzi hutakiwa kufunguliwa upesi, na kwa vyovyote ndani ya miezi mitatu, na gharama zake ni kubwa, kwa hiyo wakili atafutwe wiki ya uamuzi. Haifanikiwi kwa hoja ya kwamba uamuzi ni mbaya. Hufanikiwa kwa hoja ya kwamba haukufuata sheria. Mwaka 2013 wananchi wa Lewisham, kusini mwa London, wakiwa pamoja na halmashauri yao, walimshinda waziri wa afya wa wakati huo, Jeremy Hunt, aliyekuwa amekubali kupunguza huduma za hospitali yao ili kutatua madeni ya shirika la hospitali za jirani. Mahakama Kuu ilisema hakuwa na mamlaka hayo, na Mahakama ya Rufani ikakubali Oktoba mwaka huohuo.

Kwa wanaoishi Wales na Scotland, moyo wa mambo ni uleule lakini milango ni mingine. Wales kuna chombo cha Llais, kilichochukua nafasi ya mabaraza ya afya ya jamii tarehe 1 Aprili 2023, na Scotland bodi za afya 14 hufuata mwongozo wake wa serikali kuhusu ushirikishwaji.

Badiliko likishatekelezwa, iombe bodi hesabu za robo mwaka: wagonjwa waliofika katika kituo kipya, muda waliosubiri, na waliotoka katika msimbo wenu wa posta. Zilinganishe na makadirio yaliyokuwa katika hati uliyoihifadhi. Zikiachana sana, mpelekee diwani wenu karatasi zote mbili, umwombe aliweke suala hilo katika ajenda ya kikao kijacho cha kamati ya afya.